DVD ya deki, diski ya mafaili au flashi: ipi imfae atakayetazama?

Mteja anapoleta kadi ya kumbukumbu yenye video ya harusi na kuomba "atolewe DVD", neno hilo moja huwa limebeba maombi matatu yasiyofanana. Pengine anataka diski ambayo mama yake aliye kijijini ataitia kwenye deki, abonyeze kitufe kimoja na picha zianze. Pengine anataka mahali pa kuyaweka mafaili yake yasipotee siku simu itakapoibwa. Au anataka kitu cha kushikika, chenye kava la picha ya maharusi, kikae kabatini pamoja na albamu. Fundi asiyeuliza ni lipi kati ya hayo anaweza kuchoma diski isiyo na kasoro yoyote, kisha mwenyewe akairudisha kesho yake akisema haionyeshi kitu, na wote wawili wakawa na haki.

Kwa sababu hiyo ulinganisho huu hauanzi na programu, ingawa wengi huanzia huko. Unaanza na kifaa kitakachosoma kazi hiyo, kwa kuwa kompyuta husoma karibu kila umbizo la video, ilhali deki iliyonunuliwa miaka kumi na mitano iliyopita inajua mambo machache tu na haitajifunza mengine.

Kinachotolewa na kitakachokisoma

Diski inayochezwa na deki yoyote ya DVD ni ile iliyotengenezwa kwa kanuni ya DVD-Video, na kanuni hiyo haina mjadala. Picha kwa kawaida huwa imebanwa kwa MPEG-2, njia ya zamani ya kubana video. Katika mfumo wa runinga wa PAL, ambao ndio wetu Afrika Mashariki, picha huwa na pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Katika NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, huwa 720 kwa 480 na fremu 29.97. Sauti huwa ya umbizo la AC-3, MP2 au PCM, kwa masafa ya kilohezi 48, wala si 44.1 ya CD za muziki. Vyote hivyo hukatwa katika mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti moja kila moja, yakafuatana na mafaili madogo ya IFO yanayoieleza deki sura zinaanzia wapi na kila kitufe cha menyu kinaelekea wapi, na yote yakatiwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Kulibadilisha jina faili la MP4 ili liishie na VOB, au kuliburuta likiwa MP4 hivyo hivyo ndani ya folda yenye jina hilo, hakuzai DVD. Nimeona yote mawili yakijaribiwa, tena na watu wenye akili zao.

Diski ya data hutumia kitu kile kile kinachouzwa dukani, ila mafaili hunakiliwa juu yake kama yalivyo. Hakuna saa za kusubiri video ibanwe upya, na ubora wa asili haupungui hata chembe: video ya simu iliyorekodiwa kwa pikseli 1920 kwa 1080 inabaki hivyo hivyo. Tatizo ni msomaji. Deki zenye nembo ya DivX husoma mafaili ya AVI yaliyobanwa kwa DivX au Xvid, mradi picha isizidi ukubwa wa DVD ya kawaida, lakini faili la MP4 lililobanwa kwa H.264 (njia mpya kuliko MPEG-2), ambalo simu nyingi ndilo zinalolitoa, huzishinda nyingi kati ya deki hizo, na lile la HEVC, njia mpya zaidi ya kubana, ndiyo kabisa. Basi diski ya data ni ya mwenye kompyuta, na kompyuta mpakato mpya za siku hizi mara nyingi hazina tena nafasi ya kuingizia diski.

Flashi imekuja kuziba pengo hilo. Runinga bapa nyingi huisoma MP4 moja kwa moja, hakuna kuchoma, na likikosewa jambo linarekebishwa kwa dakika mbili. Hata hivyo ina mitego yake. Flashi iliyoumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video ya saa mbili yenye ubora mzuri huvuka hapo bila shida. Ukiiumbiza upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, ili faili liingie, kompyuta itafurahi lakini deki ya zamani yenye tundu la USB itasema haioni kitu. Mtego wa pili hauko kwenye kitabu cha maelekezo: flashi huazimwa. Kijana wa nyumbani akikosa nafasi ya nyimbo zake, harusi ya dada yake ndiyo itakayofutwa kwanza. Diski ya DVD-R ikishachomwa na kufungwa haifutiki, na kwa kumbukumbu ya familia sifa hiyo ina thamani kuliko inavyodhaniwa.

Ipo pia VCD, ambayo sitaipa nafasi kubwa. Inatumia MPEG-1 yenye pikseli 352 kwa 288, na CD ya kawaida hubeba dakika kama 80. Kwa leo haina sababu, isipokuwa pale ambapo mashine pekee iliyopo nyumbani kwa mpokeaji ni ya VCD.

Kwa kazi za sherehe, uamuzi wangu ni kutoa viwili kwa pamoja: DVD-Video kwa wazee, na flashi yenye faili la MP4 kwa wenye runinga mpya. Gharama ya flashi ndogo ni nafuu kuliko safari moja ya mteja kurudi na malalamiko.

Hesabu inayoamua ubora

Baada ya kuamua kwamba kinachotakiwa ni DVD-Video, swali linalofuata ni urefu wa video, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Windows huhesabu kwa vipande vya 1024 na kuonyesha takriban 4.38, kwa hiyo muuza duka hajamwibia mtu. Baiti hizo ni sawa na biti bilioni 37.6, na ukizigawa kwa idadi ya sekunde za video unapata kiwango ambacho picha na sauti vitagawana. Video ya saa moja ingeweza kupata megabiti 10.4 kwa sekunde, ambazo tayari zimezidi upeo wa kanuni, kwa kuwa picha peke yake hairuhusiwi kuvuka 9.8, na vyote kwa jumla 10.08. Video ya saa mbili hupata 5.2. Ya saa tatu hupata 3.5, na ya saa nne 2.6 tu.

Takwimu hizo zina sura yake kwenye kioo. Hadi saa moja na nusu, picha ya DVD huwa nzuri kadiri DVD inavyoweza kuwa nzuri. Katika saa mbili bado inaridhisha. Katika saa tatu inategemea kilichorekodiwa: hotuba ya mshenga aliyesimama mbele ya pazia hustahimili kubanwa sana, kwa kuwa fremu moja hufanana na inayofuata, lakini ukumbi wenye taa za rangi zinazozunguka, watu wanacheza na vitambaa vinapepea, huvunjika vijisanduku vijisanduku, kwa sababu MPEG-2 ni ya zamani na haina ustadi wa H.264 wa kubana mwendo. Mteja hatajua jina la kosa hilo, ila atasema video "imechoka".

Mbele ya video ndefu kuna njia tatu, na hazilingani. Kuigawa katika diski mbili, ya kanisani au msikitini kwenye moja na ya ukumbini kwenye nyingine, ndiyo njia ninayoipendelea, kwani watazamaji wenyewe huigawa hivyo vichwani mwao. Diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5 inaokoa ubora bila kukata, lakini ni ghali, haipatikani kila duka, na baadhi ya deki husita au hukwama zinapovuka kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Njia ya tatu hujulikana na wachache: kanuni ya DVD inaruhusu pia picha ya 352 kwa 576, na kwa viwango vya chini sana vya biti picha hiyo nyembamba huonekana safi kuliko ile kamili iliyovunjika, kwa sababu biti chache zinagawanywa kwa pikseli nusu. Kwa video ya mafunzo ya saa nne, hiyo inafaa. Kwa harusi, hapana.

Jambo jingine la kupimwa ni mwendo. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na tena si 30 kamili wakati wote. Mwanga ukipungua huzipunguza zenyewe. Ukiigeuza video hiyo kuwa PAL ya fremu 25, fremu tano katika kila sekunde hutupwa, na kamera inapogeuka taratibu kutoka meza kuu kwenda kwa wageni, mwendo huonekana kushtukashtuka. Ukiigeuza kuwa NTSC, mwendo unabaki laini lakini mistari ya picha inapungua kutoka 576 hadi 480. Deki nyingi zilizouzwa kwetu husoma mifumo yote miwili, na runinga bapa haijali. Runinga ya mgongo iliyotengenezwa kwa PAL tu ndiyo inayoweza kupoteza rangi au kuacha picha ikipanda na kushuka. Kwa hiyo, chanzo kikiwa kamera iliyowekwa kwenye fremu 25 au 50, PAL haina mshindani. Chanzo kikiwa simu na mpokeaji akiwa na runinga bapa, mimi huchagua NTSC ijapokuwa niko nchi ya PAL, na sijawahi kurudishiwa diski kwa sababu hiyo.

Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima ni msiba mdogo wa namna yake. Ndani ya picha pana ya DVD yenye urefu wa pikseli 576, itabaki ukanda ulio sawa na pikseli 324 kwa upana, na weusi pande zote mbili. Hakuna programu itakayolitibu hilo. Kinachowezekana ni kuijaza nafasi ya pembeni kwa picha ile ile iliyokuzwa na kufifishwa, kazi ambayo hufanywa katika uhariri kabla ya kugeuza.

Programu zinazofanya kazi zinazotofautiana

Programu hizi hulinganishwa mara nyingi kana kwamba zote zinafanya jambo moja, ilhali hatua ni tatu: kuigeuza video kuwa MPEG-2, kuipanga katika muundo wa VIDEO_TS pamoja na menyu, kisha kuichoma. Programu nyingi hufanya moja au mbili tu kati ya hizo.

HandBrake ndiyo inayopendekezwa ovyo kuliko zote. Ni nzuri, ni ya bure, nami huitumia kila wiki, lakini haitengenezi DVD wala haichomi. Hutoa MP4, MKV na WebM. Yaani, ni ya njia ya kurudi: mtu akileta diski aliyochomewa miaka iliyopita na kutaka aitazame kwenye simu, hapo HandBrake iko nyumbani. Vilevile ni msaada mzuri kwa upande wa flashi, pale faili la HEVC lililokataliwa na runinga linapotakiwa kuwa H.264.

DVDStyler hufanya hatua zote tatu, kwenye Windows, Mac na Linux, bila malipo. Unaburuta video, unachagua PAL au NTSC, unachagua umbo pana au la zamani la 4:3, unaweka picha ya maharusi nyuma ya menyu na vitufe viwili vitatu, kisha unaiachia. Sura yake si ya kuvutia na menyu zake zilizo tayari zina ladha ya muongo uliopita, lakini inaonyesha wakati wote ni nafasi kiasi gani ya diski imeshatumika, na inakuruhusu kutoa VIDEO_TS au faili la ISO (diski nzima katika faili moja) badala ya kuchoma papo hapo. Kwa mtu anayechoma diski chache kwa mwezi, sioni sababu ya kutafuta zaidi. Kwa Linux ipo pia DeVeDe, ambayo ni nyepesi kuliko DVDStyler, hutengeneza hata VCD kwa mwenye kuihitaji, na huuachia uchomaji programu nyingine kama K3b au Brasero. Menyu zake ni za kawaida mno, na kama menyu haina umuhimu basi hilo si kasoro.

FFmpeg haina madirisha wala vitufe; ni amri ya kuandikwa. Amri ya ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg inatosha kutoa MPEG-2 inayokubalika, yenye picha ya megabiti 6 kwa sekunde na sauti ya AC-3 ya kilobiti 448, kipimo ambacho kinaijaza diski ya kawaida kwa takriban saa moja na nusu. Ina nguvu kuliko zote hapa, na programu nyingine nyingi zimeificha ndani yake, lakini haisamehe: haitaongeza weusi pembeni usipoiagiza, hivyo video ya umbo jingine itavutwa na watu watanenepa au watarefuka. Anayegeuza mafaili hamsini usiku mmoja hana chaguo bora zaidi. Anayegeuza moja kwa mwaka ataichukia.

ImgBurn ni ya kuchoma tu, na ni ya Windows tu. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013, na bado ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa hatua ya mwisho, kwa kuwa hueleza wazi kinachoendelea na huihakiki diski baada ya kuichoma kwa kuisoma tena na kuilinganisha na chanzo. Wakati wa kuisakinisha, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, kwani toleo hilo lilifungashwa pamoja na vitu vya nyongeza ambavyo huvihitaji. Jozi ya DVDStyler kutengeneza ISO na ImgBurn kuichoma ndiyo ninayoitumia kwenye Windows.

Nero, programu ya Kijerumani ya kulipia, ilikuwa karibu jina lenyewe la kuchoma diski katika vibanda vya kompyuta, na jina hilo ni mzaha: Nero Burning ROM inacheza na hadithi ya kaisari Nero na Roma iliyoungua. Ni rahisi kutumia na menyu zake zinapendeza, lakini kwa kazi hii peke yake halipo jambo la lazima ambalo zile za bure hazilifanyi. Windows DVD Maker, iliyokuja na Windows Vista na 7, iliondolewa kuanzia Windows 8. Mageuzi ya mtandaoni, ambapo unapandisha video na kuishusha ikiwa imegeuzwa, nayataja ili kuyaondoa: faili la gigabaiti kadhaa litakula bando mara mbili, na video ya familia ya mtu itakuwa imepita katika kompyuta usiyoijua.

Windows yenyewe, ukiingiza diski tupu, huuliza kama itumike mithili ya flashi au kwa kichezeshi cha CD na DVD. Chaguo la kwanza ndilo linalojitokeza likiwa rafiki, na ndilo chanzo cha diski nyingi zinazosomwa na kompyuta iliyozichoma huku deki ikizikataa. Hata chaguo la pili halikugeuzii chochote. Linanakili tu ulichoweka.

Diski yenyewe, kasi na umeme

Dukani utakuta DVD-R na DVD+R zikiwa zimepangwa pamoja kana kwamba ni ndugu pacha. Mashine za kuchomea za leo huchoma zote mbili. Kwa deki za zamani DVD-R ina nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa, ingawa DVD+R inaweza kuandikiwa alama ya kujitambulisha kama diski ya kiwandani, jambo ambalo ImgBurn hulifanya ikiwa mashine inaruhusu. Zile za kufutika, DVD-RW na DVD+RW, huakisi mwanga mdogo kuliko hizo, hivyo ni za majaribio tu: choma kwanza juu ya DVD-RW, tazama menyu na sura kwenye deki, na ukiridhika ndipo uchome nakala za wateja.

Kuhusu kasi, diski iliyoandikwa 16x haina lazima ya kuchomwa kwa 16x, wala haina faida kuichoma kwa kasi ya chini kabisa, kwa kuwa rangi ya ndani yake, ambayo ndiyo inayochomwa, haikutengenezewa mwendo huo. Mimi hukaa kati ya 4x na 8x. Kwa 4x diski iliyojaa humalizika kwa takriban robo saa, muda unaovumilika. Mashine za zamani ziliharibu diski kompyuta ilipochelewa kuzilisha data. Za sasa zina kinga dhidi ya hilo, lakini hakuna iliyo na kinga dhidi ya umeme kukatika, na DVD-R iliyokatiwa katikati ni ya kutupa. Aliye na kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) afadhali achome kwa kompyuta mpakato yenye chaji, akitumia mashine ya nje ya USB iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio, kwa kuwa mashine hizo hudai umeme mwingi zinapoanza kuandika.

Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko makosa hujitokeza zaidi. Kwa hiyo kuijaribu diski kwa kutazama dakika mbili za mwanzo hakujibu kitu. Itie kwenye deki kongwe kuliko zote ulizo nazo, uruke hadi sura ya mwisho, uiache icheze dakika tano, kisha urudi kwenye menyu. Ikipita hapo, iandike jina kwa kalamu laini ya wino wa diski, bila kubandika karatasi, na faili la asili ulibakize kwenye kompyuta mpaka mteja aseme ameitazama yote.